Jiko langu la debe baada ya kugeuzwa roketi: uzoefu wangu, Malindi

Jiko lenyewe ni la kujitengenezea: debe la lita 20 lililotobolewa mdomo upande wa chini, ndani likakandikwa udongo na saruji. Ndilo ninalopikia mbaazi na mahamri ya kuuza asubuhi. Kupika lilipika, ila kusugua masizi ya sufuria ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Nikampa fundi wa kuchomelea aligeuze kwa mtindo wa roketi, yaani kuni zinaungulia ndani ya bomba la kiwiko hadi moshi wenyewe uwake, mtindo aliouanzisha Mmarekani Larry Winiarski miaka ya 1980. Gharama haikufika nusu ya jiko jipya.

Kilicholeta tofauti kuliko vyote ni majivu. Udongo wote ulibomolewa, likaingizwa bomba la chuma lenye kiwiko, kuni ziingilie chini na moto upande juu, halafu nafasi kati ya bomba na debe tukaishindilia majivu makavu yaliyochekechwa. Udongo ni mzito, hunywa joto. Unawasha alfajiri na kuni za mwanzo zote zinaishia kupasha jiko, sufuria bado baridi. Majivu yameshika hewa ndani yake, kwa hiyo joto linabaki kwenye moto. Na moshi si kitu kingine ila kuni ambazo hazijaungua: ukipata joto la kutosha na hewa, nao unawaka. Sasa nikichungulia kabla ya kuteleka naona ulimi wa moto unavuma kooni mwa bomba, moshi haupo. Mavyaa, ambaye kifua humbana, zamani nikiwasha tu alikuwa anahama uani. Siku hizi anakaa papo hapo akichagua mbaazi na kunitolea amri.

Kimo cha bomba ni kama mara tatu ya upana wake. Fundi alitaka kulikata, eti, “Mama, sufuria itakaa juu mno.” Nilikataa. Likiwa fupi, moto unagonga sufuria kabla moshi haujamaliza kuungua, na masizi yanarudi.

Mdomoni kuna kibao cha bati: kuni hulala juu yake, hewa hupita chini. Kidogo, lakini bila hicho kuni huziba njia ya hewa. Sufuria nayo imezungushiwa mkanda wa bati, nafasi ya kama sentimita 1, moto uambae ubavuni badala ya kukimbilia nje. Hapo fundi alileta bati la paa, nikamrudishia, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake ikishika moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

Kasoro zipo. Kuni lazima zipasuliwe nyembamba na uzisukume kidogo kidogo. Hili si jiko la kutia gogo ukaenda sokoni. Mvinje mkavu ndio mfalme, makumbi yenye unyevu yatakutoa machozi roketi au si roketi. Kusi ikivuma, geuza mdomo uupe upepo kisogo, la sivyo miali inakurudia. Bomba limeshaanza kubanduka magamba pale kwenye kiwiko, moto na chumvi ya bahari vimesaidiana. Likitoboka nitaweka matofali ya kuchoma.

Nyota nne kati ya tano. Mkanda niliopewa unaingia sufuria moja tu, na karai la mahamri linapoteza moto pande zote. Wa karai nimeshaulipia, na fundi kila nikimpigia anasema yuko njiani.