Uzoefu wangu: Discord kwa anayetaka kukizoea kingereza cha kuongea

Naitumia Discord, programu ya simu na kompyuta ya kuchati na kuongea kwa sauti, kuongea kingereza na watu wa nchi nyingine na kwakweli ndo kitu cha kwanza nawaambia wadogo zangu wajaribu kabla hawajalipia kozi yoyote. Ilitoka 2015 ikiwalenga wacheza gemu ila siku hizi kuna seva (yaani makundi ya humo ndani) za kila kitu, mpira, kuchora, mapishi, na zipo za wanaojifunza kingereza kabisa.

Kilichonishika ni vyumba vya sauti. Hupigi simu wala hupigiwi, unaona majina ya waliomo unaingia, ukichoka unatoka. Unaweza ukazima maiki ukasikiliza tu huku unajibu kwa kuandika na hakuna anayekushangaa. Kwa sisi tuliosoma shule za serikali hapa Tanzania hilo ni jambo kubwa mno, maana la kwanza mpaka la saba unasoma kwa kiswahili halafu ukifika fomu wani baiolojia kingereza, jografia kingereza, historia kingereza, unakariri notsi unafaulu lakini kufungua mdomo hutaki kwasababu ukikosea darasa zima linacheka. Kule Discord mtu anajibu hoja yako, hacheki sarufi. Unasema goli lile kosa la beki wa kulia, yeye anasema hapana ni kipa, na wewe moto umeshawaka unataka kumjibu, sarufi imepinda lakini ameelewa na anakubishia tena, basi unajikuta unatafuta maneno ambayo mwalimu alikuandikia ubaoni miaka ile hukuwahi kuyatumia. Hamu ya kubishana inafundisha jamani.

Halafu waliomo wengi kingereza sio lugha yao ya nyumbani. Mbrazil, Mturuki, Mvietnam, kila mtu na lafudhi yake, kwahiyo hakuna wa kumwogopa. Mimi naamini hii ndo sababu watu tunafunguka onlaini kuliko darasani.

Ila kingereza cha humo ni cha kijiweni, vifupisho vingi, ukikipeleka kwenye barua ya kazi au mtihani wa kingereza wa IELTS kitakuangusha, kuandika rasmi bado darasa linahitajika. Bando sio tatizo sana, sauti inakula kidogo ukilinganisha na video. Dada zangu chagueni seva yenye wasimamizi wanaofuatilia kweli, na kwenye mipangilio zimeni meseji za moja kwa moja kutoka kwa msiowajua.

Ushauri wangu seva za kujifunza lugha zitumie mwanzoni tu kuondoa woga, maana maongezi yake mara nyingi ni unatoka wapi unafanya kazi gani, kesho tena hivyohivyo. Tafuta ya kitu unachokipenda. Kama ni fundi simu ingia ya mafundi simu, utauliza maswali yako ya kazi na watakujibu.