Siné ya Majengo: mechi za Olimpiki ya Paris 2024

Bale banauliza ni wapi bon pa kuangaria mpira apa Goma, miye napendekeza ile siné (ukumbi wa kuonyesha mpira) ya mtaa wa Majengo iko nyuma ya soko, lakini muniskize vizuri. Ekrani ni kubwa, sauti iko sawa, kuingia ni 500, na saa ya Paris na ya kwetu inakuwaga moja kipindi kile ya joto yabo, kwa hiyo hakuna kukesha.

Fainali ya mpira ya Olimpiki, Agosti 2024, njo ilinifurahisha. Ufaransa ya kocha Thierry Henry banatangulia, Hispania banarudisha tatu (Fermín López mbili, Baena moja ya friikiki safi kabisa), watu banaanza kutoka, halafu Ufaransa banarudisha 3-3, Mateta wabo penalti dakika za majeruhi! Bale balitoka balilipa tena mlangoni, mwenye siné hana huruma. Camello wa Hispania alikuwa ameingia, akafunga mbili kwenye ile nusu saa ya kuongeza, 5-3, kwisha.

Jenereta inanuka mafuta mpaka kichwa kinauma, mabenchi ni mbao tupu, na ule kijana wa rimoti anapendaga kubadilisha shene (chaneli) wakati wa mapumziko anasahau kurudisha. Siku ya Moroko na Misri, ile 6-0 ya Moroko ya medali ya shaba, goli moja tulisikia tu kelele za jirani. Angalau tulimuona Rahimi wa Moroko, mabao 8 kwa mashindano mazima. Eti mashindano ni ya vijana chini ya miaka 23, yeye alikuwa kati ya bale batatu bakubwa kwa umri banaoruhusiwa kwa kila timu.

Sambaza (samaki wadogo) ya pale mlangoni ni tamu. Mukuje mapema, viti vya mbele binaisha haraka.