Betri ya trela yangu, na yule bwana wa kaunta

Nimengoja wiki kadhaa hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kuna mzee mmoja Mtaliano, jirani wa mteja wangu kule Casuarina, aliyeamua kurudi kwao akawa anauza vitu vyake. Nikanunua trela yake ndogo ya kulala, ile ya magurudumu mawili: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, na friji ndogo ya volti 12. Betri yake ilikuwa imekufa zamani. Mimi ni fundi cherehani, na pesa za betri mpya nilizipata kwa msimu mzima wa kushona sare za shule. Naitaja kazi yangu kwa sababu itakuja kuhusika huko mbele.

Trela sikuitaka kwa anasa. Mamangu ana sukari, anadunga insulini, na chupa ambazo hazijafunguliwa zahitaji friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Miaka yote hii akialikwa mahali hukataa, kisa dawa. Nilitaka aweze kusafiri.

Nikaenda duka moja la vitu vya sola hapa Malindi mjini. Wakaniuzia betri ya sola ya ampea 100 na paneli ya wati 100, tena wakavuta waya kutoka betri ya gari, Prado kuukuu ya marehemu baba, mpaka kwenye trela, ili injini ikiwaka betri ya nyuma ijichaji. Nikawaeleza kwamba nyumbani trela hukaa chini ya mwarobaini na paneli haitapata jua la kutosha. Bwana wa kaunta akasema nisijali. Maneno yake haya hapa: "Ukifika unakokwenda, betri imejaa."

Safari ya kwanza tukaenda Marafa. Tulivuka daraja la Sabaki, maji yake mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, tukaingilia Mambrui, friji ikivuma nyuma na mamangu akiuliza kila baada ya dakika kumi kama bado inavuma. Tukafika kabla ya magharibi. Wale wasiopajua, ni lile bonde Wagiriama waliitalo Nyari, udongo umekatika ukasimama kama minara, na jua likizama rangi zinapanda kutoka nyeupe mpaka nyekundu ya damu. Mamangu alikaa kwenye kiti chake akatazama bila kusema neno. Miaka 71, na hajawahi kupaona, naye kazaliwa Malindi hapa hapa.

Usiku, baada ya isha, friji ikanyamaza.

Nikafungua kisanduku cha betri kwa tochi ya simu. Kile kidude cha kuonyesha volti kilikuwa kinasoma 11.4. Asiyejua aelewe: betri ya namna hii ikiwa imejaa na imetulia husoma 12.6 au 12.7. Ikishuka 12.1 hivi, nusu imekwisha, na hapo yafaa uache kuitumia ukitaka iishi. 11.4 ni betri iliyokaukiwa. Na nimetoka kuendesha gari, injini inawaka, njia nzima! Nikawasha gari tena, nikaliacha lingurume robo saa nikiwa nimesimama gizani. Namba ikapanda kidogo. Nilipozima, ikarudi pale pale.

Nikaanza kulia, sifichi. Mamangu ndiye aliyesema, "Mwanangu, wacha hayo. Nitafutie mtungi." Mama mmoja wa boma la jirani, Mungu amlipe, akatupa mtungi wa udongo uliozoea maji. Mamangu akazifunga chupa mbili kwenye mfuko wa nailoni, akakaza na uzi alioung'oa kwenye pindo la leso yake, akazitia mtungini, akauzungushia kitambaa kibichi na kuuweka mahali panapopita upepo. Kila nikiamka nilimkuta ameketi, anakinyunyizia maji kile kitambaa kwa vidole. Alfajiri nikauweka mkono, mtungi ulikuwa baridi kweli. Lakini baridi ya mtungi si baridi ya friji. Tuliporudi mjini mfamasia akatwambia tuzitumie hizo kwanza, zisizidi wiki nne. Hazikuharibika. Mwanamke wa miaka 71 hakulala, lakini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonikalia kooni.

Siku mbili tatu baadaye nikaenda dukani na trela nimeifunga nyuma ya gari. Yule bwana hakutoka nje. Akamtuma kijana alete betri, akaigusisha mita, akasema, "Betri nzima hii. Mmeimaliza wenyewe." Nikamwambia haijai njiani, kama alivyoniahidi. Akaendelea kuhesabu noti zake. Nikamwomba aje aangalie waya, gari liko pale mlangoni, hatua kumi. Ndipo akainua macho akaniambia, watu wamejaa dukani: "Mama, haya si mambo ya jikoni. Mlete mume wako nimweleze."

Mume wangu! Aliyelipa ni mimi. Aliyeendesha gari ni mimi. Aliyesimama gizani Marafa na tochi akisoma volti ni mimi. Mume wangu ni mvuvi, na angekuwepo angekwambia mambo ya betri muulize mke wangu. Nilitoka pale mikono ikinitetemeka hata ufunguo wa gari ukanianguka.

Nikampelekea gari fundi mmoja wa umeme wa magari kule Maweni, mzee wa makamo, hana hata bango. Akaniambia niwashe injini. Akapima betri ya mbele: 14.2. Akaja nyuma akapima ya trela, friji ikiwa inafanya kazi: 12.7. Akaniita, "Njoo uone, mama," na kunishikisha ile mita mwenyewe. Volti moja na nusu zimepotelea njiani. Betri ya namna hii, ya madini ya risasi, haijai mpaka ipelekewe volti 14 na kitu, kwa 12.7 itakaa nusu nusu siku zote, na ikikaa hivyo muda mrefu mabamba yake hushika ukoko na nguvu yake hupungua kabisa.

Kisha akaikata ile waya akanionyesha. Ilikuwa waya ya mili 1.5 (huo ni unene wa shaba yake, kwa mili za mraba), ya kuvutia taa ya sebuleni, imesafirishwa mita saba kutoka mbele ya gari hadi nyuma. Kwenye plagi ya kuunganishia trela, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Hewa yetu ya chumvi haisamehi. Mimi nilielewa mara moja. Uzi wa kushonea shifoni huwezi kushonea turubai, hata cherehani iwe na nguvu namna gani. Nimeshona miaka ishirini. Kunieleza hilo kungemchukua yule bwana dakika moja, bila mume.

Halafu akanionyesha jambo lililonikausha mate. Waya ile imetoka moja kwa moja kwenye betri ya gari, haina fyuzi, na imepitishwa kwenye ukingo wa chuma ambao tayari umeanza kuimenya. Ingegusa bodi, ingewaka moto. Mamangu alikesha karibu na trela hiyo.

Yule fundi akavuta waya ya mili 16, akaweka fyuzi karibu na kila betri, akabadilisha plagi, na akafunga kichaja kidogo kinachopokea umeme wa gari na kuupandisha mpaka volti 14.4 kabla haujaingia kwenye betri ya trela. Hicho kidude, jamani, nikipate wapi kukisifu! Juzi tumekwenda Kakuyuni na kurudi, na asubuhi iliyofuata betri imesoma 12.7 ikiwa imetulia. Paneli nayo nimeitoa juu ya paa, nimeitia waya mrefu mnene, naianika juani huku trela ikiwa kivulini. Friji haijazima tena.

Kwa hiyo niseme haki: betri waliyoniuzia ni nzuri, imevumilia mateso yale yote. Paneli nzuri. Bei yao, nimezunguka nikauliza, ni ya chini kuliko kwingine. Na yule kijana wao aliyefunga waya alikuja nyumbani kwa baiskeli jioni moja, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Shangazi, nisamehe, mimi niliomba waya nene nikaambiwa tumia iliyopo." Nimemsamehe kwa moyo mweupe, nikampa chai na mahamri. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba nunueni vitu kwao, kazi ya kufunga mpeni mtu mwingine.

Lakini hapana. Nikikumbuka vidole vya mamangu vikinyunyiza maji usiku kucha, na yule bwana hakuinua kichwa, hapana. Unafuu wa bei siuoni tena. Msinunue. Anayejua kwamba waya ni nyembamba akaificha kwa kumtukana mteja, kesho ataficha nini?

Wiki iliyopita nimepita mbele ya duka lile. Kulikuwa na mzee amesimama nje, nahodha kwa sura yake, anangoja kufungiwa betri ya taa za mashua yake, na ile roli ya waya nyeupe ilikuwa imewekwa sakafuni karibu na mguu wake. Niliegesha gari. Nikamwamkia, nikamwambia, "Baba, waulize hiyo waya ni ya mili ngapi, na fyuzi itakaa wapi." Bwana wa kaunta aliniona. Mzee akainama, akaishika ile waya kwa vidole viwili, akaipinda, akaigeukia kaunta na kuuliza.