Kipima joto cha bastola na breki zinazong'ang'ania: uzoefu wangu kwenye Corolla ya zamani

Nianze na hukumu: kwa mwenye gari la zamani, kifaa hiki kina faida kuliko seti ya pedi za breki iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Breki inayong'ang'ania ni ugonjwa unaopona mgonjwa akifika hospitali. Barabarani gari linakuwa zito na rimu moja inatoa harufu ya kuungua. Ukiegesha robo saa, mafuta ya breki yanapoa, gurudumu linaachia, na fundi akilizungusha halina neno. Hapo ndipo unapoambiwa "tubadilishe pedi kwanza tuone." Kipima joto kinakamata kosa likiwa bado la moto, tena kwa namba unazoweza kumwonyesha fundi.

Ninachozungumzia ni kile chenye umbo la bastola, kinachopima bila kugusa. Changu hakina jina kubwa: kinasoma nyuzi −50 hadi 400, uwiano wa umbali ni 12:1, betri ni ya volti 9. Kabla ya kulipa, angalia kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kasha. Wakati wa korona vilienea vipima joto vya paji la uso vyenye umbo lilelile. Hivyo hukomea nyuzi arobaini na kitu. Kwenye diski ya breki havina kazi.

Ule uwiano wa 12:1 maana yake ni kwamba ukiwa sentimita 12 kutoka kwenye diski unasoma duara la sentimita 1. Ukiwa sentimita 60, unasoma duara la sentimita 5, na ndani yake mna diski, rimu na pengine kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Taa nyekundu inaonyesha unakolenga tu, haipimi chochote. Sogea karibu, lenga kupitia matundu ya rimu.

Udhaifu wake mkubwa ni huu: bei ya chini imekifanya kidhani kila kitu kinatoa mionzi ya joto kwa kiwango cha 0.95, yaani asilimia 95 ya upeo unaowezekana. Chuma king'aavu hakifiki hapo hata kidogo. Kwa hiyo sehemu ya diski inayosuguliwa na pedi husomeka baridi kuliko ilivyo, wakati mwingine kwa makumi ya nyuzi. Lenga ile sehemu ya katikati yenye kutu, inayokaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu), au ipake doa la rangi nyeusi inayostahimili joto. Muhimu iwe mahali palepale kwenye kila gurudumu. Ukitaka kukihakiki, maji yaliyojaa barafu iliyopondwa yasome karibu na 0. Kwa maji yanayochemka usitegemee 100: Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Kabale, juu milimani, ni karibu 93. Lenga kwa ubavu, mvuke ukifika kwenye lenzi unaharibu kila kitu.

Kwa kipimo chenyewe, tafuta barabara inayokwenda. Foleni ya Jinja Road hapa Kampala jioni haifundishi kitu kwa sababu breki zote huwa za moto. Northern Bypass asubuhi na mapema inafaa sana. Endesha kilomita 10 hadi 15 kwa mwendo wa 60 mpaka 80, ukigusa breki mara chache iwezekanavyo. Mwishoni achia mafuta mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe, afadhali penye mwinuko mdogo. Usivute handbreki, weka jiwe au kabari. Zunguka magurudumu manne ndani ya dakika mbili, kila moja namba mbili: diski na katikati ya habu.

Kwa safari ya namna hiyo, breki nzima za mbele husoma kwangu kati ya nyuzi 45 na 70. Lakini namba peke yake si hoja. Hoja ni tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Nyuzi 10 au 15 zisikusumbue. Pedi za diski hugusa kidogo siku zote, kwa kuwa kinachorudisha pistoni ni sili ya mpira tu, nayo huivuta kwa sehemu ndogo ya milimita. Tofauti ikipita 40, kuna jambo. Upande mmoja ukisoma 180 na mwenzake 60, usiendelee na safari. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140, na yakichemka pedali inazama mpaka sakafuni. Habu ikiwa ya moto kuliko diski, acha breki, angalia beringi.

Mpangilio wa magurudumu nao unasema mengi. Moja likiwaka peke yake, kosa liko palepale kwenye gurudumu. Kwenye Corolla AE100 (Kikumi) na ndugu zake zinazovutwa na magurudumu ya mbele, mabomba ya breki yamegawanywa kimshazari, kwa hiyo mbele kushoto na nyuma kulia zikiwaka pamoja, shuku njia moja ya master silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali). Kwenye magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mgawanyo ni mbele na nyuma. Zote nne zikiwaka, kagua sehemu za juu: pedali na busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu).

Kipima joto kinaishia hapo. Kinataja gurudumu, hakitaji sababu, na anayekiuza akikwambia vingine anakudanganya. Sababu inatafutwa kwa jeki, stendi, spana ya 10 au 8, na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Fanya kazi hii gurudumu likiwa bado limeshikwa. Liinue, hakikisha halizunguki kwa mkono, kisha fungua nati ya kutolea upepo, iliyo kwenye kalipa, robo mzunguko.

Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, kuna shinikizo lililonaswa. Funga nati, kanyaga pedali mpaka gurudumu lishikwe tena, kisha legeza kiungo cha bomba la chuma na mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa). Likiachia hapo, mpira ni mzima na kosa liko juu, upande wa master. Lisipoachia hapo lakini likaachia ukifungua nati ya kwenye kalipa, mpira ndio mkosaji. Ngozi yake ya ndani imechanika: mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, sili ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje mpira unaweza kuonekana safi kabisa, na ndiyo maana mafundi wengi huuruka. Chunguza pia kishikio cha chuma kinachoubana katikati. Kutu ikijaa ndani yake huukaba. Badilisha mipira ya mbele yote miwili, kwani umri wake ni mmoja.

Nati ikifunguliwa na gurudumu bado limeshikwa, tatizo ni la vyuma: pini za kalipa, pistoni, au masikio ya pedi yaliyokwama kwenye kutu ya braketi. Toa kalipa, sukuma pini kwa vidole, inatakiwa iteleze. Pedi iliyolika mshazari, upande mmoja nyembamba, mara nyingi ni pini moja iliyoganda. Pedi ya ndani ikiisha kabla ya ya nje, kagua pini na pia pistoni. Pistoni irudishwe kwa klampu ukiwa umefungua nati ya upepo, mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye master. Isiporudi kwa nguvu ya kawaida, ifunguliwe. Itoke kwa upepo mdogo wa kompresa, na kipande cha mbao mbele yake. Vidole vikae mbali.

Chanzo kikubwa hapa kwetu Uganda ni vumbi la murram, yaani barabara zisizo na lami. Mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, vumbi linaingia, mvua inaongeza maji, pistoni inashika kutu pale pale sili inapopita. Kutu ya juujuu kwenye silinda inaondoka kwa msasa laini sana, lakini pistoni yenye mashimo itupwe. Halafu kuna kosa la gereji linalorudiwa kila siku: kuosha kalipa kwa petroli na kupaka pini grisi ya beringi. Vyote viwili vinavimbisha mpira, na baada ya muda pini inaganda kuliko mwanzo. Osha kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, pini zipakwe grisi ya silikoni.

Upande wa juu, zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa kumaliza ombwe la busta, kisha pima kwa kidole mchezo wa pedali, yaani inavyosogea kabla ya kuanza kusukuma. Toyota nyingi za enzi hizo zinataka milimita 1 hadi 6. Pasipo mchezo wowote, tundu la kurudishia mafuta ndani ya master linabaki limezibwa: breki zinapata joto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, breki zinabana zaidi. Angalia kwanza swichi ya taa za breki, maana ikikazwa ndani mno huishikilia pedali. Kisha legeza nati mbili za master kwenye busta, ivute mbele milimita chache. Magurudumu yakiachia, fimbo ya busta ni ndefu mno au pedali imekazwa.

Mpira wa ndani ya kifuniko cha chupa ya mafuta ukiwa umevimba, mtu alimwaga mafuta ya injini au ya gia. Tia matone kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki yanachanganyika, hayo mengine yanaelea. Hapo hakuna njia ya mkato, kila mpira wa mfumo unabadilishwa.

Ngoma za nyuma nazipitia haraka. Achia handbreki, kebo isiporudi yenyewe, ilegeze kwenye kirekebishi uone kama ngoma inaachia.

Spea za AE100 bado zimejaa Kisekka, soko la spea la Kampala. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo haya yaliyopo ndiyo tunayoyatunza. Kalipa ya mtumba nunua kwa ajili ya mwili wake tu, uitie sili na mipira mipya. Mpira wa breki wa mtumba usiuguse, hata uwe wa bure.

Nakipa kipima joto nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imeondoka kwa ajili ya chuma king'aavu. Usikitumie mara tu baada ya kushuka Kapchorwa au milima ya Kisoro, kila breki hapo ni ya moto kihalali. Na ukikuta diski imefika 200, usiwaache vijana wa washing bay (wanakooshea magari) waimwagie maji. Chuma cha moto kikipoa ghafla hupinda au kupasuka.

Baada ya matengenezo, nati za tairi zikazwe kwa nguvu ya Nm 103, kisha rudia barabara ileile kwa mwendo uleule. Kalipa na mpira vikiwa vipya na tofauti bado iko juu ya 40, weka dayo geji (saa ya kupimia mpindo) kwenye diski. Mpindo ukizidi milimita 0.05, kwanza safisha kutu kati ya diski na habu, kwa sababu mara nyingi diski yenyewe haina kosa.