Uzoefu wangu: fimbo za klipu kwa matembezi ya hisani ya mlimani

Fimbo ninazozizungumzia, zile za kushika mbili mbili unapopanda na kushuka mlima, ni za aluminiamu, vipande vitatu vinavyoingiana, klipu mbili za kufungia, kishikio cha povu na ncha ya tangsteni, metali ngumu sana. Jozi ina uzito wa gramu 520. Ikifungwa inabaki na urefu wa sentimita 64, ikivutwa yote inafika 135. Nimezitumia wiki kumi za mazoezi na siku ya matembezi yenyewe, kwenye kikundi cha watu 24 ambao wengi wao mlima waliujua kwa kuutazama tu. Hukumu yangu: kwenye kupanda zinasaidia kiasi, kwenye kushuka ndiko zinakorudisha pesa yako. Ila mtu anayekabidhiwa fimbo asubuhi ya safari, bila kuzizoea, heri aende mikono mitupu.

Nianze na kufuli, yaani kinachozuia vipande visiteleze, maana fimbo nyingi huharibikia hapo. Zipo za kusokota na zipo za klipu. Za kusokota zina kidude cha plastiki ndani ya bomba kinachotanuka ukizungusha. Vumbi au maji yakiingia, kidude kinakosa mshiko na fimbo inazama taratibu kila ukiiegemea. Utasokota mpaka kiganja kiwake moto, na bado inashuka. Ya klipu unaiona kwa macho kama imefunga au haijafunga, hata ukiwa na glavu. Ndiyo maana nilichagua hizi.

Lakini klipu nayo ina skrubu yake, na jozi hizi zilitoka kwenye boksi skrubu zimelegea. Kwa hiyo usiamini kufuli la kiwandani. Vuta vipande, funga klipu, simika ncha chini, kisha weka viganja vyote viwili juu ya kishikio na uegemee kwa uzito wako. Ikishuka hata milimita chache, fungua klipu, kaza skrubu robo mzunguko, funga, egemea tena. Ukikaza kupita kiasi, klipu itagoma kufunga bila kuumiza kidole, na ukiilazimisha kila siku mwishowe inapasuka. Kipimo changu ni kidole gumba: kiisukume kwa nguvu kidogo, na isikike ikilia “tak”. Zoezi hili lifanyike nyumbani, kisha lirudiwe baada ya matembezi mawili ya kwanza, maana skrubu mpya hulegea tena.

Kila kipande cha ndani kina mstari wa kikomo. Usiupite hata kama wewe ni mrefu. Ukiupita, sehemu iliyobaki ndani ya bomba ni fupi mno kubeba uzito, na fimbo inapinda hapo hapo.

Urefu unapimwa ukiwa umevaa viatu vya safari: ncha kando ya kidole kidogo cha mguu, mkono kwenye kishikio, kiwiko nyuzi 90. Mtu wa sentimita 170 huangukia karibu na 115, wa 160 karibu na 110. Kwenye mwinuko mkali punguza sentimita 5 hadi 10, kwenye mteremko ongeza kiasi hicho hicho. Kipande cha chini kifunge kwenye urefu mmoja ukiache, urekebishe cha kati peke yake, maana hicho unakifikia bila kuinama. Dosari ya pili ya jozi hii ni kwamba namba za urefu zimechapwa kwa wino mwepesi, na kufikia wiki ya sita zangu zilikuwa zimeanza kufutika. Chora mstari penye urefu wako kwa kalamu ya wino usiofutika. Usizungushie utepe hapo, kipande hakitaingia tena ndani.

Mkanda wa kiganja ndio unaotofautisha aliyefundishwa na asiyefundishwa. Mkono unaingia kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, halafu unashuka na kushika kishikio pamoja na mkanda wenyewe. Uzito unakaa kwenye mkanda, vidole vinabaki vimelegea. Anayeingiza mkono kutoka juu huishia kukikamua kishikio, na baada ya saa mbili vidole vinakufa ganzi. Kuna mahali pamoja pa kutoa mkono kabisa kwenye mkanda, nako ni kwenye mawe makubwa. Ncha ikinasa kati ya mawe wakati mwili unaendelea kwenda, kinacholipa ni kidole gumba au kifundo cha mkono.

Povu la kishikio halina lawama: linafyonza jasho na halikwaruzi. Kishikio cha mpira mtupu hufaa kwenye baridi, ila mkono ukitoka jasho kinaleta malengelenge.

Kushuka sasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliopima watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25, ulikuta kwamba fimbo mbili hupunguza mzigo kwenye goti kwa asilimia 12 hadi 25. Nafuu hiyo huipati kwa kuburuta fimbo nyuma yako kama mkia. Fimbo zitangulie: ncha chini, kidogo mbele ya mguu unaofuata, viwiko na magoti vikiwa vimekunjwa kidogo, uzito upande kwenye mikono, ndipo mguu ushuke. Ukizitupa mbali sana mbele, mwili unavutwa kuzifuata na unapoteza mizani. Kwenye kupanda ni kinyume chake: ncha iguse ardhi karibu na mguu, si mbele yake, halafu usukume kwenda nyuma, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, vivyo hivyo upande wa pili. Mikono ikifanya kazi, moyo nao hupiga kasi zaidi. Miguu itakuambia mambo ni rahisi huku pumzi ikisema lingine. Sikiliza pumzi.

Kwa hiyo mazoezi ya fimbo yaanze mapema. Wiki mbili za kwanza tembea sehemu tambarare, saa moja mara mbili kwa wiki, mpaka mkono na mguu vielewane bila kufikiria. Kisha nenda kwenye vilima au ngazi, na mwisho wa wiki ongeza tembezi moja refu ukiwa na begi la kilo 5 au 6, lile lile utakalobeba siku yenyewe. Tarajia maumivu nyuma ya mikono, juu ya kiwiko. Hayo huisha. Yanayowashangaza wengi ni ya mapaja, ambayo huletwa zaidi na kushuka kuliko kupanda, na hukolea siku ya pili yake. Basi mteremko mrefu wa mwisho ufanye siku 10 kabla, usiufanye juzi yake.

Ncha ya tangsteni inang'ata mwamba na udongo vizuri. Kifuniko chake cha mpira ni cha lami na sakafu. Kwenye tope na majani mabichi kivue, kinateleza. Hapa nina lalamiko la tatu: kifuniko kinakaa kwa kubana tu, na tope zito hukimeza bila wewe kujua. Kikundi kibebe vya akiba, jozi mbili kwa kila watu sita.

Wengi mnaosoma mnapanga safari ya kundi, kwa hiyo nigusie na hilo. Agizeni aina moja kwa wote. Skrubu, klipu na ncha zitabadilishana, na anayefundisha atafundisha mara moja. Kila mtu aweke alama ya rangi yake juu ya kishikio, la sivyo baada ya mapumziko ya kwanza mfupi anaondoka na fimbo za mrefu. Kati ya mtu na mtu iwepo nafasi ya mita 2 au zaidi, kwani fimbo ya aliye mbele hurudi nyuma kwa usawa wa goti lako. Zikifungwa kwenye begi, ncha zielekee chini na ziwe na vifuniko, maana zikielekezwa juu ziko usawa wa macho ya anayefuata. Kurekebisha urefu kwa watu 24 kunakula dakika 10 hadi 15, hivyo kiongozi achague sehemu mbili tu za kufanya hivyo, mwanzo wa mwinuko na kileleni, na aziingize kwenye ratiba.

Bango la wafadhili msilifunge kwenye fimbo kwa ajili ya picha. Kitambaa cha mita mbili kikishika upepo ni tanga la jahazi, na sisi fimbo moja ilipinda kwa namna hiyo. Bahati ni kwamba aluminiamu hupinda kabla ya kuvunjika, tukainyoosha kidogo kidogo ikatufikisha chini. Ya kaboni ingekatika papo hapo, na hiyo ndiyo sababu kwa kundi la wanaoanza nisingeshauri kaboni, japo ni nyepesi zaidi.

Vifaa vya matengenezo ni vichache: bisibisi ndogo ya nyota, skrubu mbili, klipu moja, na mita mbili za tepu pana ya kitambaa uizungushie kwenye kipande cha juu kabisa, chini ya kishikio, ambacho hakiingii ndani ya kingine. Tepu hiyo hiyo itaziba kiatu kilichobanduka soli.

Mkirudi, vuta vipande vyote vitoke kabisa, futa kwa kitambaa kikavu, acha vilale usiku kucha vikiwa vimetenganishwa. Usipake mafuta hata tone, kwani kufuli litateleza. Ikihifadhiwa na unyevu ndani, aluminiamu hufanya ukoko mweupe unaogandisha vipande. Ikifika huko, fungueni klipu, mmoja ashike juu na mwingine chini, msokote huku mkivuta. Koleo lisiguse bomba, litaliponda na kipande hakitateleza tena.