Bledi za msumeno wa duara Mtwara na Lindi: meno 24, 40 au 60?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini au Lindi ukaomba bledi ya msumeno wa duara, mara nyingi utapewa ya milimita 185 yenye meno 40, uambiwe inakata kila kitu. Inakata kweli. Ila kwa karakana za huku kusini, ambako asubuhi fundi anapasua mbao ya mkongo na jioni anakata plaiwudi ya kabati, hiyo ndiyo ya kununua mwisho. Hela ya kuanzia iende kwenye meno 24 na meno 60.

Meno 24 ni ya kupasua, yaani kukata kwa kufuata nyuzi za mbao. Kati ya jino na jino kuna nafasi pana, na hiyo nafasi ndiyo inayobeba unga kuutoa nje. Pasua mkongo wa inchi mbili kwa meno 60 uone: nafasi zinajaa, unga unasugua, bati la bledi linapata moto na kuanza kuyumba, na mbao inatoka na michirizi myeusi ya kuungua. Piga hesabu kidogo. Msumeno ukizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno 24 yanaipiga mbao mara 120,000. Meno 60 yanaipiga mara 300,000. Ukisukuma kwa mwendo uleule, kila jino la bledi ya 60 linapata kipande chembamba mno, hivyo linasugua badala ya kukata, na kusugua ndiko kunakoua makali.

Mninga hausumbui. Mvule unasumbua kwa sababu ndani yake hutokea vijiwe vya chokaa vinavyong'oa ncha za meno bila taarifa. Mtiki una silika, yaani chembe ngumu kama za mchanga, nayo hula makali polepole. Mbao za mnazi ni ngumu upande wa nje wa gogo kuliko katikati, kwa hiyo usishangae msumeno ukilemewa ghafla. Kwa mvule, mtiki na mnazi nunua bledi yenye ncha za kabaidi, ile metali ngumu inayoungwa kwenye ncha ya jino. Ile ya chuma kitupu utakuwa unaipiga tupa siku nzima. Mpingo, mzito hadi unazama majini, unataka bledi mpya au iliyotoka kunolewa, na mkono usio na haraka.

Meno 60 ni ya plaiwudi, melamini (ubao wenye uso laini wa plastiki) na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Hapa meno mengi yanafaa, maana kila moja linachukua kidogo na uso haubanduki. Msumeno wa duara wa kushika mkononi hukata kwenda juu, kwa hiyo uso mzuri wa ubao uangalie chini. Kwenye msumeno wa meza ni kinyume, uso mzuri unakuwa juu. Shusha bledi mpaka meno yatokeze kama milimita 5 au 6 chini ya ubao, si zaidi. Melamini ikiendelea kumeguka, bandika tepu ya karatasi juu ya mstari kisha kata juu yake.

Ile ya meno 40 haina ubaya. Kwa fundi wa paa anayekatisha mbao za kenchi na papi mchana kutwa, inatosha kabisa. Haipasui vizuri kama ya 24 wala haiachi uso safi kama ya 60.

Aluminiamu ya madirisha ina bledi yake: meno mengi, yaliyoinamishwa kidogo kwenda nyuma ili yasidake chuma, na yenye vichwa vilivyokatwa bapa kwa zamu. Funga kipande kwa klampu na paka nta kwenye meno. Bledi ya mbao yenye meno yaliyoinamia mbele hudaka aluminiamu na kuirusha. Mabati ya rangi usiyakate kwa diski ya kusaga: cheche zinaunguza rangi na zinki, na kwa upepo huu wa chumvi kutu itaanzia hapohapo kwenye ukingo. Mkasi wa bati ni bora.

Dukani, kagua mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza tundu la katikati: kuna misumeno inayotaka tundu la milimita 20, mingine 15.88, 25.4 au 30. Tundu likizidi, tumia ringi ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuzungushia tepu au karatasi kunaifanya bledi icheze. Pili, mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi izidi ile ya mashine yako. Tatu, isogeze karibu na jicho uangalie ncha moja moja. Kabaidi nzuri ni nene na imeungwa bila vishimo kwenye mshono. Ikiwa nyembamba kama ukucha, haitanoleka hata mara mbili.

Na hili lisiwe la kujadiliana: bledi ya meno isifungwe kwenye grenda, ile mashine ya kusagia. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, haina kinga ya kufunika meno, na jino likidaka mbao mashine inaruka mkononi. Vidole na mapaja yanakatwa hivyo.

Bledi ikianza kuunguza mbao wakati bado ina makali, kwanza tafuta utomvu uliokauka kwenye meno. Loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya shaba, kausha. Ikiwa imechoka kweli, ipeleke kwa mnoaji mwenye jiwe la almasi, kwani tupa haiing'ati kabaidi. Mikindani, Kilwa na kote pwani, ipake mafuta ya cherehani kabla ya kuitundika, na kabla ya kupasua mbao zilizofungiwa zege, pitisha sumaku kutafuta misumari.