Free Fire, PUBG Mobile na CODM kwa simu ya gb 3: ipi yafaa hapa Mombasa

Hizi ni gemu tatu za simu za kupigana bunduki na watu wengine mtandaoni. Niseme mapema, mimi si gemaa wa kujisifu. Mimi ni mtu wa kuvuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, na mechi zangu nyingi nacheza pale tukingojea geti lifunguliwe, ama nimebanwa ndani kati ya mkokoteni wa maji na mama wa ndoo ya samaki. Simu yangu ram ni gb 3, kioo kina ufa. Kwa hivyo mizani yangu ndo hiyo, ukiwa na simu ya laki we endelea zako.

Nilianza na Call of Duty Mobile, yaani CODM, ile ya 2019. Kwa urembo walahi haina mpinzani, bunduki zalia kama bunduki, na ile watano kwa watano pale kwa ramani ya Nuketown ni fujo tupu, wafa wazaliwa wafa tena hujajua hata nani kakupiga. Shida ni uzito. Ukishaishusha bado kuna ramani na mafaili mengine ya kushusha kando, na simu kama yangu ishajaa picha za harusi na video za grupu la familia, nafasi itoke wapi? Nikaifuta.

PUBG Mobile nayo ni ya wenye subira. Watu 100 wapigana mpaka abaki wa mwisho, kisiwa cha Erangel kilomita 8 kwa 8, mechi yaweza kufika nusu saa. Watembea watembea kama mtu aliyekosa matatu Bamburi saa sita za usiku, waokota helmeti, waokota bandeji, alafu jamaa aliyelala kwa nyasi akupiga moja tu ya kichwa na safari imeishia hapo. Siku ya Jumapili nyumbani ni tamu sana, sikatai, lakini si gemu ya feri.

Free Fire ndo imebaki kwa simu yangu. Katuni katuni kidogo, eti, lakini ni watu 50 na dakika kumi hivi mechi imekwisha, na iliundwa kwa simu za watu kama sisi. Kinachonimaliza ni zile gluu, ule ukuta wa barafu waurusha mbele yako ukipigwa mahali hapana hata mti. Vijana wa barazani kwetu waiweka kwa kasi mpaka huoni kidole. Mimi nilijiona fundi wiki ya kwanza, naua kumi, naua kumi na mbili, mpaka mtoto wa kaka yangu akaniambia, "Ami, hao si watu, hao ni maboti," yaani wachezaji wa kompyuta. Kweli bwana, nilipopanda renki kidogo nikaanza kufa hata bado naokota silaha.

Na gemu hizi ni za bure, lakini bure yenyewe iko na mkia, ni skini, yaani mapambo ya kununua. Skini za PUBG ni nguo tu, wavaa wapendeza basi. Za bunduki za Free Fire zaongeza nguvu, nyengine damage, yaani ukali wa risasi, nyengine kasi ya risasi, kwa hivyo mwenye daimondi, ile pesa ya gemu, aingia na kisu kikali kuliko chako. Hapo nimeikata nyota moja, na sinunui, hiyo pesa ni mahamri ya wiki nzima.

Sasa adui mkubwa si hata gemu, ni joto. Msimu huu wa kaskazi simu yapata moto, ikipata moto yajipunguza nguvu yenyewe, picha zaanza kukatakata, na vidole vyatoa jasho wagusa kupiga mtu wako aruka. Vijana hupaka poda ya mtoto vidoleni, nilicheka, sai natembea nayo mfukoni. Toa kava, shusha grafiki, zima mwangaza mwingi, na usicheze ikiwa kwa chaji. Mtandao nao, laini yangu pingi, ule muda wa kuchelewa kwa mtandao, ni 90 nikiwa nchi kavu, feri ikifika katikati ya maji yaruka 300, wampiga mtu hafi alafu wafa wewe ukiwa nyuma ya ukuta. Skwadi yangu washanizoea, wajua ami akinyamaza yuko majini.

Nyota nne kwa Free Fire. Nilitaka kuweka na picha ya renki yangu lakini simu nimeiegemeza kwa feni, ngoja ipoe kwanza.